Flashi, ekstenal au simu haisomi kwenye kompyuta: fanya hivi kabla hujabonyeza Format

Dukani kwangu haipiti wiki hajaja mtu na flashi kaifumbata mkononi kama kifaranga kilichonyeshewa, anaiweka juu ya meza taratibu, anasema fundi, hii haisomi. Nina steshenari ndogo Dar, jirani na chuo, natoa kopi, naprinti, natengeneza laptopu, na katika vyote ninavyofanya hili la haisomi ndo linaniuma kuliko yote, kwa sababu flashi yenyewe ni ya elfu kumi, elfu kumi na tano, lakini kilichomo ndani hakuna duka linalokiuza.

Mwaka jana alikuja dada mmoja wa mwaka wa tatu, risachi yake nzima imo kwenye flashi, hana kopi nyingine popote. Alienda kuprinti sehemu, kompyuta ikamletea kile kiboksi kinachosema You need to format the disk in drive E: before you can use it, kijana aliyekuwa kwenye mashine akaona kitufe cha Format disk akabonyeza, flashi ikafunguka vizuri kabisa, ila tupu. Tulikaa nayo siku mbili na programu ya kuokoa mafaili inaitwa PhotoRec tukapata sura tatu kati ya tano, na hata izo tatu zilirudi bila majina, kila faili limeitwa herufi f na namba ndefu, ikabidi tufungue moja moja kujua lipi ni lipi. Sura mbili akaandika upya. Kwa iyo kabla sijasema kitu kingine chochote: ukiona kompyuta inakuomba ufomati, bonyeza Cancel. Ukishabonyeza Cancel mda wote ni wako, hakuna kilichoharibika zaidi, alafu ndo tuendelee.

Sasa, haisomi. Hili neno linabeba magonjwa manne tofauti na dawa ya moja haitibu jingine, ndo maana mtu anaingia mtandaoni anafuata maelekezo hatua ishirini hakuna kilichobadilika. Mi huwa nawaeleza wateja hivi, kifaa cha USB ni kama mgeni anakuja nyumbani. Kwanza anabisha hodi, hapo ni umeme. Alafu anaulizwa nani mwenzangu, anataja jina. Alafu mwenye nyumba lazima awe anamfahamu na anajua namna ya kuongea nae, hapo ndo draiva, yani kaprogramu kanakoiwezesha kompyuta kuongea na kifaa. Mwisho anapewa kiti, yani herufi yake, D au E au F, na mafaili yake yanasomeka. Kazi yako ya kwanza ni kujua mgeni kakwama wapi, mlangoni, kwenye jina, kwenye kufahamika au kwenye kiti. Ukishajua hapo nusu ya kazi imeisha.

Na kujua ni rahisi, tumia macho na masikio. Chomeka kifaa, sikiliza. Kimya kabisa na taa haiwaki, kakwama mlangoni. Kompyuta inalia ule mlio wake na inaleta USB device not recognized, kakwama kwenye jina. Inalia vizuri, haileti malalamiko, lakini kifaa hakifanyi kazi, hapo angalia draiva. Kinaonekana jina lake lakini mafaili huyaoni au inakuomba ufomati, hapo ni kiti.

Kabla ya yote fanya majaribio mawili ambayo hayahitaji ujuzi wala bando. La kwanza, chomeka kifaa hichohicho kwenye kompyuta nyingine. La pili, chomeka kifaa kingine unachojua ni kizima kwenye tundu lilelile. Kikigoma kila mahali, ugonjwa uko kwenye kifaa au waya wake, acha kuisumbua Windows yako. Kikifanya kazi kwingine, ugonjwa uko kwenye kompyuta yako. Watu wengi wanaruka hapa wanakimbilia kupiga Windows upya, nimeshaona mtu kapiga Windows mara mbili na kumbe waya wa printa ndo umekatika ndani.

Tuanze na mlangoni.

Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne ndani, nyekundu inaleta umeme wa volti 5, nyeusi ni ya kurudisha, alafu nyeupe na kijani ndo zinabeba data. Hizi waya za bei rahisi tunazouziwa barabarani kwa ajili ya simu nyingi hazina kabisa nyeupe na kijani, wametoa ili wapunguze gharama, kwa iyo simu inachaji vizuri ila kompyuta haijui kama kuna kitu kimechomekwa. Huwezi kuijua kwa kuiangalia kwa nje. Simu yako ikichaji tu na kompyuta iko kimya, badilisha waya kwanza kabla hujagusa kitu kingine, tafuta uliokuja na simu au ambao umeshawahi kuhamishia mafaili.

Kama ni desktopu, hama tundu za mbele nenda za nyuma. Za nyuma zimeshikana moja kwa moja na bodi mama, za mbele zinapita kwenye kawaya kembamba ndani ya kasha, na ako kawaya mara nyingi kanalegea au fundi aliyefungua kusafisha kasahau kukarudisha. Toa pia ekstensheni na zile hub za matundu manne, chomeka moja kwa moja.

Ekstenal, yani hard disk ya nje, ndo inasumbua sana hapa. Tundu la USB 2.0 kwa kanuni linatoa miliampia 500, la USB 3.0 linatoa 900. Ekstenal zile ndogo zina mota ndani inayozungusha sahani, na pale inapoanza kuzunguka ndo inapokula umeme mwingi, kama tundu limechoka au umepitishia kwenye hub isiyo na adapta yake, taa itawaka lakini diski haizunguki, utasikia tik, tik, inajaribu inashindwa. Wengi wakisikia ivyo wanajua diski imekufa. Inaweza kuwa imekufa kweli, ila jaribu kwanza tundu jingine na waya mfupi. Na kuna kitu ntakuonyesha ambacho watu wengi hawakijui: ekstenal nyingi zina lile tundu pana lenye sehemu mbili, kubwa na ndogo zimekaa pamoja. Ile sehemu kubwa inaingia waya wa kawaida wa simu za zamani, micro USB, wenye data. Ukichomeka huo diski itasoma kwa spidi ndogo ya USB 2.0, lakini itasoma, na hapo umeshajua kwamba kilichokufa ni waya wako mpana na sio diski. Huu waya mpana unakufa haraka mno kwa sababu kila siku tunauvuta pembeni. Nimerudisha diski kwa watu walioshazililia kwa kubadilisha waya tu.

Kama diski inapiga tik tik kila mahali, kwenye kila waya na kila kompyuta, izime uiache. Usiichomeke tena kujaribu jaribu. Vichwa vinavyosoma vinaweza kuwa vinakwaruza sahani na kila dakika unayoiwasha unapunguza kile ambacho mtaalamu angeweza kuokoa.

Angalia na tundu lenyewe, washa tochi ya simu uchungulie. Sisi wa pwani hewa ya chumvi inashika vyuma, ukiona rangi ya kijani au kutu kwenye zile pini, hapo hakuna dawa ya programu. Zima kompyuta, toa chaja, toa betri kama inatoka, chukua mswaki laini mkavu pitisha taratibu, kama uchafu umeganda tone moja la spiriti ya isopropili, subiri ikauke kabisa ndo uwashe. Usipulize kwa mdomo, unaongeza unyevu. Na kama kile kiulimi cha plastiki cha ndani kimevunjika na pini zimelala, usichomeke kitu pale tena, pini zikigusana unapiga shoti, ikitokea Windows inaweza kukuletea meseji ya Power surge on the USB port. Ukiiona hiyo meseji chomoa kifaa hapohapo.

Flashi ikiwa imepinda shingo mara nyingi ni zile solda nne zimeachia. Usiishikilie kwa kidole huku unaipinda ikae mkao inaosoma, najua inafanya kazi mara ya kwanza na ya pili, ya tatu unang'oa na njia za shaba kabisa. Peleka kwa fundi mwenye mkono mwepesi wa kusolda, ni kazi ya dakika kumi. Zile flashi fupi sana kama kucha hizo ni habari nyingine, ndani ni kipande kimoja kilichofunikwa, hakuna pa kushika.

Sasa mgeni kafika, umeme anao, ila akiulizwa jina anababaika. Hapa ndo ile USB device not recognized. Ukibonyeza Windows na X kwa pamoja ukachagua Device Manager, ukashuka chini kwenye Universal Serial Bus controllers utakuta kajisehemu kenye alama ya njano kameandikwa Unknown USB Device (Device Descriptor Request Failed), na ukikafungua ndani kanasema Code 43. Maana yake ni kwamba kompyuta iliuliza wewe ni nani, kifaa hakikujibu au kilijibu kitu kisichoeleweka. Mara nyingi bado ni waya au tundu, kwa iyo kama uliruka yale ya juu rudi. Ila kuna mda ni kompyuta yenyewe imechanganyikiwa, na dawa yake ya kwanza ni kuitoa umeme wote.

Hapa nifafanue kitu maana kinawapoteza wengi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinaitwa fast startup, ukizima kompyuta kwa Shut down haizimi kabisa, inahifadhi sehemu ya kumbukumbu ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, na ile hali ya kuchanganyikiwa inaweza kuhifadhiwa nayo inaamka nayo. Restart ndo inaanza upya kabisa. Kwa iyo mtu anakwambia nimeshazima nimewasha mara tano, kweli amezima, lakini hajawahi kuirestati. Fanya hivi: chomoa vifaa vyote vya USB, zima huku umeshikilia Shift, chomoa chaja, toa betri kama ni ile inayotoka, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30, rudisha umeme, washa, ikishatulia ndo uchomeke kifaa. Mi hii inanitatulia kesi nyingi kuliko kitu kingine chochote cha upande wa kompyuta na haina gharama.

Ikikataa bado, rudi Device Manager, bonyeza kulia kwenye ule mstari wenye njano, Uninstall device, alafu juu kwenye Action bonyeza Scan for hardware changes, Windows itamtafuta mgeni upya. Wengine wanashauri ufute kila kitu kilichopo kwenye orodha ya USB alafu urestati. Inafanya kazi, kwa sababu vikiwaka vinajirudisha vyenyewe, ila kama uko kwenye desktopu kumbuka mausi na kibodi nazo ni za USB, ukifuta zinaganda katikati ya kazi, ikabidi uizime kwa kitufe. Sio mwisho wa dunia ila hakikisha umeshahifadhi kazi zako kwanza.

Kama kifaa kinasoma vizuri alafu baada ya dakika kadhaa kinapotea chenyewe, hasa kwenye laptopu, hiyo mara nyingi ni Windows inabana umeme. Fungua Device Manager, kila palipoandikwa USB Root Hub fungua Properties, nenda Power Management, toa tiki kwenye Allow the computer to turn off this device to save power. Alafu kwenye Power Options, mpango unaoutumia, mipangilio ya ndani, USB settings, zima USB selective suspend. Betri itaisha mapema kidogo, ndo hivyo, ila ekstenal haitakatika katikati ya kukopi video za harusi ya mtu.

Na kama unataka kujua bila ubishi kama ugonjwa ni wa Windows au ni wa vyuma, toka nje ya Windows. Washa kompyuta huku flashi imechomekwa, ingia kwenye menyu ya kubutia, ile ya kuchagua kompyuta iwakie kwenye diski ipi, kwenye laptopu nyingi ni F12 au F9 au Esc inategemea kampuni, uone kama flashi imeorodheshwa pale. Ikiwepo, tundu ni zima na flashi inataja jina lake, Windows ndo ina shida. Kwa mwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, kwenye mashine ni raha zaidi, fungua teminali andika

sudo dmesg -w

alafu chomeka kifaa uangalie mistari inavyoshuka. Linux haifichi kitu, itakwambia kifaa kimeonekana, cha kampuni gani, spidi gani, na kama kimeshindwa kutaja jina utaona device descriptor read imefuatwa na error. Ukiona mistari haishuki hata mmoja, mgeni hajafika hata mlangoni.

Kwenye draiva sitakaa sana kwa sababu flashi na ekstenal hazihitaji, Windows inazo zake tayari. Draiva inasumbua printa, skana, zile waya za USB kwenda siriali wanazotumia wenye mashine za risiti na vijana wa Arduino, vile vibodi vya kujifunzia elektroniki, na simu. Ukikuta Code 28 maana yake draiva haipo kabisa, nenda kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kifaa uchukue ya modeli yako halisi. Kwa printa nyingi za USB, weka programu kwanza na waya uchomeke pale itakapokuambia chomeka, ukitanguliza waya Windows inaweza kujiwekea ya kwake ya kubahatisha na printa inabaki inaonekana lakini haiprinti.

Code 10, yani kifaa kimeshindwa kuanza, kwenye izo waya za siriali mara nyingi ni chipu feki. Waya zilizoandikwa Prolific PL2303 zimeigwa sana na draiva mpya ya kampuni inazigundua inazikataa. Mwaka 2014 FTDI, kampuni nyingine ya chipu hizi, nao walitoa draiva iliyokuwa inafuta kitambulisho cha chipu za kuiga, watu wakaamka vifaa vyao vimekufa wakati jana yake vilikuwa vinafanya kazi. Ukinunua waya wa namna hii tafuta wenye chipu ya CH340, ni rahisi na hauna ugomvi na mtu.

Simu za Android kuanzia toleo la 6 zikichomekwa zinaanza kwa kuchaji tu, kwa usalama wako. Kwa iyo fungua loki ya simu, shusha kile kipazia cha juu, gusa palipoandikwa Charging this device via USB, chagua File transfer. Kama skrini ya simu imevunjika na huwezi kugusa hapo, kompyuta haitaona mafaili hata ufanyeje draiva, inabidi skrini kwanza.

Wenye Windows 7, na bado mko wengi kwa sababu mashine za mtumba zinakuja nayo: Windows 7 haikuzaliwa na draiva ya USB 3.0, yenyewe ilitoka mwaka 2009 wakati USB 3.0 ndo inaanza. Tundu la bluu lisipofanya kazi na jeusi linafanya, hapo ni draiva ya USB 3.0 ya bodi yako, ichukue kwenye tovuti ya waliotengeneza laptopu.

Na izo programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zote kwa klik moja, achana nazo. Nimetoa nyingi kwenye kompyuta za watu na karibu zote zilikuja na takataka zingine nyuma yake.

Kuna moja ya maofisini. Mausi ya USB inafanya kazi, kibodi inafanya kazi, printa inafanya kazi, ila flashi yoyote ile ukiweka hakuna kitu. Hapo hakuna kilichoharibika, wamefunga makusudi kuzuia virusi na kuzuia mafaili kutoka nje. Kwenye rejista ya Windows, pale inapotunza mipangilio yake ya ndani, kuna sehemu inaitwa USBSTOR yenye thamani Start, ikiwa 3 flashi zinaruhusiwa, ikiwa 4 zimezuiwa. Kwenye kompyuta yako mwenyewe uliyonunua iliyotoka ofisini unaweza kuirudisha 3 ukarestati. Kwenye kompyuta ya mwajiri nenda kaongee na mtu wa IT, usiifungue kimya kimya.

Tumefika kwenye kiti, na hapa ndo pa kwenda polepole kwa sababu hapa ndo mafaili yanapopotea.

Bonyeza Windows na X, chagua Disk Management. Angalia chini, kila diski ina mstari wake. Tafuta ya kwako kwa kuangalia ukubwa.

Ukiikuta ipo, ina rangi ya bluu, ukubwa uko sawa, ila haina herufi, hilo ni jambo dogo. Bonyeza kulia, Change Drive Letter and Paths, Add, mpe herufi ya mbali kama R au T isije ikagongana na nyingine. Imeisha.

Ukiikuta imeandikwa No Media, na ukubwa ni sifuri, hiyo flashi inataja jina lakini kumbukumbu zake za ndani hazijibu. Sitakudanganya, hakuna programu ya kudownload inayorudisha hapo, na kuifomati haitakubali hata ukilazimisha.

Ukikuta imeandikwa RAW, hapo ndo Windows itakuwa inakuomba ufomati. RAW maana yake Windows haiwezi kusoma ule mpangilio wa mafaili. Wakati mwingine hakuna kilichoharibika kabisa, diski imetoka kwenye Mac au kwenye Linux, au ilifomatiwa na dekoda ya kurekodia, na Windows haielewi lugha hiyo, kwa iyo kabla hujahuzunika kumbuka ilitumika wapi mara ya mwisho. Kama ilikuwa ya Windows siku zote, basi jedwali la mafaili limevurugika, labda ilichomolewa wakati inaandika au umeme ulikatika. Mafaili yenyewe mara nyingi yapo palepale. Tumia TestDisk, ni ya bure, inaweza kurudisha jedwali na majina yakarudi yote, ikishindwa ndo uende PhotoRec ambayo inachimba mafaili bila majina. Na vinavyookolewa hifadhi kwenye diski nyingine, usiviandike kwenye ileile unayookoa, utakuwa unafukia kaburi juu ya kitu unachokitafuta. Usianze na chkdsk kama ndani kuna kitu unachokihitaji na huna kopi, chkdsk kazi yake ni kunyoosha mfumo wa diski, sio kukuokolea mafaili, inaweza kukata vipande ambavyo TestDisk ingevirudisha vizima.

Alafu kuna hii ambayo sio haisomi kweli ila kila mtu anaileta kwa jina hilo: flashi inafunguka, ndani kuna shortcut tu, au iko tupu kabisa ila ukiangalia nafasi imejaa. Hicho ni kirusi, kimeficha mafaili na kuweka shortcut ambayo ukiibonyeza unaingiza kirusi kwenye kompyuta yako. Usibonyeze hata moja. Fungua Command Prompt, tuseme flashi ni E, andika

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

subiri imalize, mafaili yatatokea, mengine yanakuwa yamewekwa kwenye folda isiyo na jina. Kopi vya kwako tu, nyaraka na picha, acha chochote chenye .lnk, .vbs au .exe usichokijua, skani kompyuta na antivirusi, alafu flashi hiyo sasa ndo unaweza kuifomati kwa amani. Na kama kompyuta haijasafishwa, flashi itakayoingia baadae itaugua tena, kwa iyo msiilaumu flashi.

Na zile flashi za TB 2 kwa elfu ishirini. Zinasoma vizuri mwanzoni, unaweka mafaili, kesho kutwa hayafunguki. Ndani ni GB 8 au 16 tu, wamedanganya kwenye kitambulisho chake ili itaje ukubwa wa uongo, ukishapita ukubwa halisi inaandika juu ya vya zamani au inatupa. Kujua, ikiwa bado tupu endesha H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux, inaijaza yote alafu inasoma ulichoandika, itakwambia GB za kweli ni ngapi. Inachukua mda, iache usiku. Fanya ivyo siku ya kwanza uliyonunua, wakati muuzaji bado anakukumbuka sura.

Ukiona vyote vimeshindikana ukaamua kuleta kwa fundi, njoo na waya wake uliokuwa unautumia hata kama unajua ni mbovu, na kama ni ekstenal usiifungue kasha nyumbani. Piga picha ile meseji uliyoiona kwenye skrini. Na uniambie ukweli umeshabonyeza nini, kama kuna mahali ulibonyeza Format sema tu, hakuna atakayekugombeza, ila nikijua mapema naanza na PhotoRec moja kwa moja badala ya kupoteza masaa matatu kwenye TestDisk.